Vitabu vya Kusomwa na Vijana: Habari Zake kwa Ufupi, na Shauri kwa Walimu

Lugha yetu haikukosa majina ya umri. Mtoto mchanga, mtoto, kigori, mwali, mvulana, barobaro, mtu mzima, mzee: kila daraja ina jina lake, na kila jina lina adabu zake. Msichana akiitwa kigori, yajulikana kwamba hajavunja ungo bado. Akiisha kuvunja ungo huitwa mwali, na maneno aambiwayo tangu siku hiyo siyo yale ya jana. Waliotuachia majina haya walijua vema kwamba kati ya utoto na utu uzima ipo njia ndefu, na kwamba aipitaye njia hiyo ana haja ya maneno yake mwenyewe.

Lakini tulifunguapo kabati la vitabu katika shule nyingi, tofauti hiyo haionekani. Upande mmoja vimewekwa vitabu vya watoto wadogo, vyenye picha za sungura na fisi. Upande wa pili vimewekwa vitabu vya watu wazima. Walio katikati, yaani wenye umri wa miaka 13 hata 18, hupewa kile kitabu kimoja kitakachoulizwa katika mtihani, na mtihani ukiisha kitabu hutupwa. Kisha sisi wakubwa hulalamika kwamba vijana hawapendi kusoma. Katika makala haya twataka kueleza jinsi vitabu vya vijana vilivyoanza katika Kiswahili, na vilivyoendelea, maana mwalimu ajuaye habari hizo ataweza kuchagua vema zaidi.

Kabla ya kitabu palikuwa na kumbi. Watu wengi wa pwani na wa bara waliwapeleka wavulana jandoni na wasichana unyagoni, na huko walikabidhiwa kwa kungwi au somo, akawafunza kwa nyimbo, kwa mafumbo, na kwa ile mizungu ambayo mtu asiyepita kumbini hawezi kuifumbua. Hatusemi kwamba yote yaliyofunzwa huko yalikuwa mema; wengi wa wasomaji wetu wanajua mambo ambayo Kanisa lilikuwa na haki ya kuyakataa. Hata hivyo katika kazi ya kumbi mlikuwa na busara mbili zifaazo kukumbukwa. Ya kwanza, mafundisho yalipimwa kwa umri: mtoto hakuambiwa ya mwali, wala mwali hakuachwa na ya mtoto. Ya pili, kijana hakupewa fumbo akaenda nalo peke yake. Alikuwapo mtu mzima wa kukaa naye mpaka alifahamu.

Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka wa 1926, aliiona busara hiyo. Hakulivunja jando, alijaribu kulitakasa, akaacha umbo lake, akaondoa yaliyopingana na Injili, na mahali pake akatia mafundisho ya Kikristo. Watu wamebishana sana juu ya kazi yake, lakini jambo moja ni wazi: alijua kwamba ukiliondoa fundisho la umri ule usiweke kingine mahali pake, nyumba hubaki tupu, na nyumba tupu haikosi mwenyeji.

Wala si kweli kwamba maandiko kwa ajili ya vijana yaliletwa na wageni tu. Yapata mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wa mawaidha kwa ajili ya binti yake. Alikuwa mgonjwa wakati ule, na yapata mwaka wa 1860 akafariki. Humwita binti aje karibu na wino na karatasi, aandike maneno ya mamaye: juu ya dini, juu ya adabu mbele za watu, juu ya nyumba na mume. Huenda tusikubaliane na kila wosia uliomo. Wanawake wengi wa leo hawatakubaliana nao. Lakini tutazame umbo la kazi ile. Ni mtu mzima anayemwandikia kijana mmoja amjuaye kwa jina, kwa lugha nzuri kabisa aliyo nayo, juu ya mambo yatakayompata kwa hakika. Katika mwaka wa 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utenzi huo pamoja na tafsiri yake. Hicho ni kipimo kizuri cha kitabu cha kijana hata leo.

Sasa tuje kwenye mitambo ya chapa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa tatu wa misheni ya Universities' Mission, alikaa Unguja akisikiliza hadithi vinywani mwa watu, akaziandika, na mwaka wa 1870 zikatolewa London katika kitabu kimoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande huu. Humo imo hadithi ya Sultani Darai, na ya Sultani Majnun, na habari za Liongo, na kisa cha mwalimu Goso aliyeuawa kwa kibuyu kilichoanguka kutoka mtini alipokuwa akifundisha. Hadithi hizi hazikutungwa kwa vijana peke yao, bali mtu asomaye Sultani Darai ataona kwamba yasema jambo ambalo kila kijana hulipima moyoni: paa humtumikia bwana wake kwa uaminifu, humpa mke na utajiri, kisha bwana akiisha kutajirika humdharau paa mgonjwa, na mwisho hupoteza yote. Kijana hahitaji kuambiwa kwamba kukosa shukrani ni dhambi. Ameliona jaani lile ambapo maskini alianzia, na ndipo aliporudishwa.

Steere huyo huyo alitoa pia Hadithi za Kiingereza, zilizotoka katika kitabu ambacho ndugu wawili, Charles na Mary Lamb, walikitoa mwaka wa 1807 kwa kuyageuza maigizo ya Shakespeare yawe masimulizi mepesi. Yafaa mwalimu ajue sababu ya kitabu kile. Wale ndugu walieleza kwamba wamewafikiria hasa wasichana, kwa kuwa wavulana huruhusiwa mapema kuingia katika maktaba ya baba zao, na dada zao hawaruhusiwi. Tena Mary ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kazi, lakini katika chapa ya kwanza jina la nduguye peke yake ndilo lililowekwa. Kwa hiyo mojawapo ya vitabu vya kwanza vya kigeni kuingia katika Kiswahili chetu ni kitabu kilichozaliwa kwa sababu ya kabati lililofungwa. Neno hili tutalirudia.

Baada ya vita vya 1914 hata 1918 kazi ya vitabu iliongezeka. Mwaka wa 1923 Serikali ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, lililosomwa na walimu na makarani hata vijijini. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka wa 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, iliyokagua lugha ya vitabu vya shule. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Yeye ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vyote viwili vya mwaka wa 1929.

Vitabu hivi viwili viliandikwa kwa vijana tangu asili. Robert Louis Stevenson alikianza Kisiwa chenye Hazina kwa kumfurahisha mtoto wa mkewe, na kwanza kilitoka kidogo kidogo katika gazeti la vijana, kabla ya kuwa kitabu mwaka wa 1883. Rider Haggard naye aliwatolea wavulana, wakubwa kwa wadogo, kitabu chake cha mwaka wa 1885. Wazee wengi waliosoma katika shule za misheni walionja humo kwa mara ya kwanza utamu wa kusoma bila kuamriwa. Hilo si jambo dogo. Kisiwa chenye Hazina, zaidi ya utamu wake, humwonyesha kijana jambo gumu: kwamba mtu mbaya aweza kuwa mcheshi, mwerevu, mwenye maneno matamu, na hata kumpenda mtoto kwa kweli. Kijana aliyekwisha kukutana na yule baharia wa mguu mmoja kitabuni hatashikwa upesi na wa namna yake mjini.

Lakini Mashimo ya Mfalme Sulemani yana upungufu ambao mwalimu hana budi kuwaonyesha wanafunzi. Nchi ya hadithi ni Afrika, na mfalme wa haki mwishoni ni Mwafrika, ila macho ya hadithi yote ni ya wageni watatu waliokuja kumtafuta ndugu wa mmoja wao, aliyepotea akitafuta almasi. Kijana wetu asomapo hujiweka mahali pa mgeni na kuwatazama watu wa kwao kwa mbali. Wala tusidhani ya kuwa wachapaji wa zamani hawakuliona jambo hili hata kidogo. Tafsiri ya Elisi katika Nchi ya Ajabu ilipotolewa mwaka wa 1940, katika picha zake yule msichana alichorwa Mwafrika, ili msomaji ajione. Picha ilikuwa mwanzo. Kilichotakiwa ni hadithi yenyewe.

Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka wa 1934 James Mbotela, mwalimu, mwana wa jamii ya watumwa waliowekwa huru wakakaa Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa. Humo mna mateka, minyororo, jahazi, na manowari iliyowakamata wafanya biashara ya watu. Wasomi wa baadaye wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo haikosi haki. Hata hivyo ni habari iliyosimuliwa na mtoto wa watu waliouzwa, kwa lugha rahisi, bila kilio kingi; na kijana wa miaka 15 akikisoma pamoja na mwalimu aliye tayari kuulizwa maswali, atajifunza mambo mawili kwa pamoja: habari za utumwa, na jinsi mtu aliyeokolewa anavyomwona mwokozi wake.

Kisha akaja Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki 1962. Kusadikika kilitoka mwaka wa 1951, na Adili na Nduguze mwaka wa 1952. Asili ya kitabu hiki cha pili ni kisa cha Alfu Lela Ulela, lakini aliyekisimulia alikifanya kuwa chetu. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao yasema tabia zao. Waligeuzwa manyani, na yeye mwenye kuwahurumia ndiye aliyelazimishwa kuwapiga kila usiku. Nani kati ya vijana asiyemjua ndugu aliyemwonea kijicho? Kusadikika ni chakula kigumu zaidi. Karama ameshtakiwa kwa kuwa alitaka watu wafundishwe sheria. Mbele ya hukumu hajitetei kwa makelele, bali husimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, na kila mmoja aliporudi akafungwa gerezani. Kitabu hiki kimfikie kijana akiwa na miaka 17 hivi, wakati aanzapo kuuliza kwa nini wakubwa hawatendi wanayosema.

Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 na kukoma 1977, ilifanya mashindano ya waandishi, na katika mashindano ya mwaka wa 1957 na 1958 tuzo ya kwanza ilimwendea Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka wa 1960. Bwana Msa na kiko chake huchunguza mauaji kwa akili tu, hali wengine hulitupa jambo kwa mzimu. Wakubwa wengine huvidharau vitabu vya upelelezi. Sisi twaona kwamba kitabu kimfundishacho kijana kuuliza dalili kabla ya kuamini uvumi kina kazi njema katika nchi zetu, ambamo mtu aweza kuuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Sasa twafika mahali penye ubishi. Mwaka wa 1971 Euphrase Kezilahabi, Mkerewe aliyesomeshwa seminarini, alitoa Rosa Mistika. Zakaria, baba yake Rosa, amlinda bintiye kwa ukali. Akiona barua ya mvulana, humpiga. Rosa hakufunzwa neno lo lote juu ya wanaume ila kuwaogopa. Alipokwenda shuleni mbali na macho ya baba, woga ulibaki nyumbani pamoja na baba, na ndani yake mwenyewe hamkuwa na mlinzi mwingine. Mwisho wake ni kuangamia. Kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, kwa kuwa chasema waziwazi juu ya zinaa na kutoa mimba. Baadaye kikarudishwa, kikafundishwa katika shule za sekondari.

Tuwafikirie kwa haki wale waliokizuia. Walikuwa na watoto wa watu mikononi mwao, na hofu yao ilikuwa hofu ya mchungaji. Lakini walifanya kitendo kile kile cha Zakaria: waliiona barua, wakaipokonya, wakadhani hatari imekwisha. Kitabu kinaonya kwamba kijana aliyefichwa mambo huanguka pale atakapokutana nayo. Wao wakajibu kwa kuyaficha. Tena kumbi zilikuwa zimekwisha kupungua katika sehemu nyingi, na makungwi wengi hawakuwa na wanafunzi. Ikiwa kungwi hayupo, na mama aona haya, na padre husema kwa jumla tu, na kitabu kimefungiwa kabatini, msichana ataulizia wapi? Wahenga walikwisha kujibu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Watu wa Kanisa huenda wakasema kwamba dhambi ikiandikwa hufundishwa. Twajibu kwa heshima kwamba Kitabu cha Pili cha Samweli hakifichi habari za Amnoni na Tamari, wala za Daudi na mke wa Uria, na habari hizo husomwa katika Biblia ile ile tunayowapa vijana siku ya kipaimara. Neno la kupima ni hili: je, kitabu kinaonyesha gharama ya tendo, au kinauza utamu wake tu? Viko vitabu vya namna ya pili, na mwalimu ana haki ya kuvikataa. Lakini asiyevisoma kwanza hawezi kuvitenga. Atakamata ngano pamoja na magugu.

Katika Kenya, tangu mwaka wa 1985 Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, vitabu vya vijana vilipata soko jipya. Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotolewa mwaka wa 1996, kimependwa na wanafunzi wengi kupita vitabu vingi vya mtihani. Kongowea Mswahili, kijana aliyezaliwa Tanga, afiwa na mama, ateswa na jamaa, kisha asafiri mpaka Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Vijana hukipenda kwa kuwa wengi wao wanaijua safari hiyo, au wana rafiki aliyeifanya. Walibora aliaga dunia mwaka wa 2020, lakini Kongowea angali akisafiri mikononi mwa wasomaji.

Basi, shauri letu ni hili. Kwa wenye miaka 13 na 14 ziwekwe hadithi alizokusanya Steere, na hekaya za Abunuwasi, na Adili na Nduguze, na Kisiwa chenye Hazina pale kipatikanapo. Kwa wenye 15 na 16, Uhuru wa Watumwa, Mzimu wa Watu wa Kale, na Siku Njema. Kwa wenye 17 na zaidi, Kusadikika na Rosa Mistika. Umri huu usiwe sheria ya chuma. Mwalimu ampime kila kijana, kama kungwi alivyompima mwali wake. Na vitabu hivi, hata vile vya mtihani, viazimwe pia bila mtihani, mwanafunzi achague mwenyewe, asiulizwe maswali ya kuandika akimaliza. Haja hii ni kubwa zaidi Tanzania, ambako kijana aingiapo sekondari hufundishwa masomo mengi kwa Kiingereza, na asipokuwa na kitabu kizuri cha Kiswahili cha kusoma kwa hiari, lugha yake ya moyoni itabaki ya darasa la saba.

La mwisho ni hili. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba Filipo alimkuta towashi wa Kushi garini akisoma chuo, akamwuliza kama anafahamu asomayo. Naye akasema hawezi, isipokuwa mtu amwongoze. Filipo hakumpokonya chuo kwa kuwa ni kigumu, wala hakumwachia akaenda zake. Alipanda garini, akaketi naye, wakasafiri pamoja. Walimu na makasisi wanaotaka kuwapa vijana vitabu, waanze kwa kuvisoma wao wenyewe mwezi huu, kimoja baada ya kimoja, kisha wautafute ufunguo wa kabati.